Meno ya Juu Kwanza

Mtoto wa dada yangu aliota meno ya juu kwanza, na kwa majuma matatu dada alimfunika mdomo kwa kipande cha kanga ili majirani zetu wa Lisekese wasiyaone.

Binti huyo alizaliwa kwa shida, akachelewa kulia. Alipofikisha miezi minane daktari alituambia ana mtindio wa ubongo. Shingo haikukaza, mikono ilijikunja, na ufizi ulibaki mtupu hadi alipokaribia miaka miwili. Kisha yakachomoza mawili, yote ya juu.

Kwetu mtoto wa namna hiyo ni kigego. Wazee husema huwaletea ndugu zake vifo, na nyumba ya ukoo haiingii. Dada alikuwa ameachika na amejibanza kwangu, katika chumba kimoja cha kupanga. Tegemeo lake lilikuwa kuhamia Newala, kwa bibi yetu mzaa mama, kwenye nyumba ya ukoo.

Tulimpeleka mtoto hospitali. Daktari wa meno, mama mmoja mpole, alimchunguza mdomo kwa tochi.

"Watoto wenye hali hii meno huweza kuchelewa, na pengine yasifuate mpangilio. Hakuna mkosi hapo, mama. Ila akiuma kitu, taya huweza kukaza lenyewe. Usivute. Subiri lilegee."

Bibi alifika adhuhuri moja bila taarifa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona mmemziba mdomo kama mtungi wa togwa? Anavuja?"

Dada alijaribu kucheka. Bibi alinawa, akaifungua kanga, akaingiza kidole kinywani, kama anavyowakagua watoto wote wa ukoo. Mtoto akauma.

"Usivute, bibi!" nilisema.

"Nani anavuta? Nimekamatwa mimi."

Tukasubiri. Kuku waliokuwa wakiparua uani walinyamaza, au mimi niliacha kuwasikia. Mtoto, ambaye macho yake hayatulii mahali, alimkazia bibi macho bila kupepesa. Mwishowe taya likalegea.

Bibi akakiinua kidole kwenye mwanga wa mlangoni. Juu kulikuwa na alama mbili za meno. Akakigeuza taratibu. Chini nako kulikuwa na mbili.

Asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeusafisha ufizi wa chini kwa kitambaa. Ulikuwa laini, hauna kitu. Niliufunua tena mbele yao. Hauna kitu.

"Haya meno ya chini nani kayaona?" bibi akauliza.

 Bibi alijitanda kanga yake, akakataa hata maji, akasema ataongea kwanza na mjomba wetu, mwenye kauli ya mwisho katika ukoo.

Leo ni siku ya tisa tangu aondoke. Mizigo ya dada imefungwa, ipo mlangoni. Newala hawajatuma neno, na ufizi wa chini bado ni mtupu.