Kilo Themanini na Nne Zile Zile

Nisiwafiche, ni mimi niliyesimamisha upimaji wa samaki mwaloni kwetu, mitumbwi inaposhushia, asubuhi nzima.

Mimi ni karani wa mzani. Miezi miwili sasa nimeacha ugali, nakula mayai na sangara wa kuchemsha, na kila jioni nanyanyua vyuma kwenye jimu ya Buswelu hadi mikono inatetemeka. Kila alfajiri, kabla mitumbwi haijafika, nilikuwa naingia kwenye kreti la samaki na kujining'iniza mzanini. Kilo themanini na nne. Kesho yake, themanini na nne. Usingizi ukaniruka. Njaa yote hii inakwenda wapi? Nikaamini mzani umekwama, na juzi nikapaza sauti: "Mzani mbovu! Leo hapimiwi mtu!"

Wachuuzi wakaja juu, sangara wakapigwa jua. Saa tano akafika mkaguzi wa vipimo na mawe yake ya mizani, akaupima mzani mara tatu. Ulikuwa sawasawa.

"Karani, ulijuaje kwamba ni mbovu?"

Nikababaika, mwisho nikamweleza yote, mpaka kreti. Akatazama mikono yangu iliyotuna, kisha suruali niliyoifunga kwa kamba isidondoke.

"Mafuta yametoka, misuli imeingia. Uzito ungepunguaje?"

Watu wakacheka, isipokuwa Mama Nyanzobe, mchuuzi mkongwe kuliko wote. Alikuwa analitazama lile kreti.

"Kwa hiyo kila siku samaki wangu wanakaa ulipokalia wewe?"

Nikamwamkia tu: "Shikamoo, mama."

Hakuitikia.