Jerono na Ukuta wa Chwele

Jerono alifundishwa ujenzi na Gathogo, jirani yao wa Kitale, ambaye yeye alimwita Baba Nyaruai. Kitu cha kwanza alichoshikishwa ni timazi, kile kichuma kizito kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama wima. Kwa Gathogo neno hilo lilikuwa na kazi nyingi. Mlevi aliyeyumba barabarani alikuwa ametoka timazi. Chai ikikolea, iko timazi. Na asubuhi badala ya salamu aliuliza, "Uko timazi, msichana wangu?"

Mwaka jana walipata kazi ya kanisa huko Chwele. Ukuta wa upande wa madhabahu aliujenga Gathogo mwenyewe. Jerono alipoupima aliona uzi umeachana na mawe kule chini: ukuta ulikuwa unainama nje.

"Baba Nyaruai, huu umetoka timazi."

Gathogo alitazama, akakuna shingo. "Enda harusi ya dada yako. Ukirudi tutaubomoa."

Aliporudi kutoka Kitale, ukuta ulikuwa umeongezwa urefu na kupigwa plasta. Gathogo alisema plasta imeurekebisha. Jerono alijua haiwezekani, lakini ni Baba Nyaruai aliyesema, akachukua mwiko akaendelea na kazi.

Mvua za Aprili zilifungua ufa mpana ukutani, kutoka dirishani hadi juu. Kamati ya kanisa iliwaita wote wawili. Mwenyekiti, mama mmoja aliyeitwa Rosaline, aliuliza ukuta ule ulijengwa na nani.

"Huyu," Gathogo akasema. "Mimi nilikuwa kule mbele. Nilimwamini, bana."

Jerono alidhani amesikia vibaya. "Baba Nyaruai, niangalie halafu useme tena."

Akasema tena, akiangalia viatu vyake.

"Ni uongo! Nilimwambia umetoka timazi, akaupiga plasta nikiwa sipo," Jerono akawaambia. Wakatazamana. Gathogo alikuwa amewajengea nyumba nusu ya watu waliokuwa pale. Rosaline alimwomba Jerono, kwa sauti ya upole kabisa, achukue vifaa vyake aende. Upole huo ndio uliomliza.

Kwa miezi kadhaa hakuna aliyemwita kazini. Alilima mahindi ya mama yake na kukwepa njia inayopita kwa Gathogo.

Desemba Gathogo alikuja mwenyewe, akakaa kwenye ukumbi, akapewa chai.

"Wewe bado kijana," akasema. "Mimi ningeharibikiwa jina uzee huu, nani angeniita tena? Nilijua wewe utainuka."

"Na wao, umewaambia ukweli?"

"Si yamepita?"

Jerono alimwacha amalize kikombe, kisha akamfungulia lango. Wiki iliyofuata mjane mmoja wa kijiji cha Myanga alimtafuta amjengee jiko. Alienda peke yake, na alipofika alimwambia mjane habari yote ya Chwele kabla ya kuchimba msingi.