Pingamizi Kumi na Tisa

Mama Chaki hakuwa mtu wa kuchezewa, tuseme ukweli mapema. Siku tano za juma alisugua sakafu za hospitali. Jioni alifundisha watoto Kurani kwenye chumba juu ya duka la matairi, na Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu ya mama zao. Hao aliwafundisha kusoma na kuandika lugha ya nchi, nchi waliyohamia wakiwa watu wazima na watoto mgongoni.

Alisomea wapi kazi hiyo? Hakusomea popote! Alijua kufundisha alifu na bee, basi akashika njia ile ile: herufi kwa herufi, kwa pamoja, kwa mahadhi, kichwa kikiyumba. Barua ya kliniki ilighaniwa. Bili ya umeme ilighaniwa. Fundi matairi huko chini, maskini, alishahifadhi masharti ya bima bila kupenda. Watu walicheka mpaka mbavu zikawauma, lakini wanawake walisoma.

Jumamosi moja akaja afisa wa halmashauri, karatasi mkononi na gundi mfukoni. Madrasa inafungwa, alisema.

"Kwa kosa gani?" Mama Chaki akauliza.

"Mnajitenga, mama. Mtu anakaa hapa miaka kumi na hajui lugha yetu. Ofisi ina darasa rasmi, hamji."

"La saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa."

"Na saa hizo vyoo vya ofisi yenu atapiga deki nani, bwana afisa? Wewe?"

Afisa akatoa gundi, akabandika karatasi yake mlangoni. Mama Chaki alipandwa na hasira. Miaka sita ya Jumamosi, leo mtu anaifuta kwa gundi! Akageuka.

"Akina mama, njooni. Somo la leo liko mlangoni."

Wakajazana ngazini, wanawake kumi na tisa, afisa katikati hana pa kupenya. Wakaanza kulighani tangazo. Walighani jina la ofisi, wakaghani kifungu cha sheria, wakakwama kidogo kwenye neno refu, wakalirudia mpaka likalainika. Afisa akatazama saa. Hawakumjali. Wakafika chini kabisa, kwenye maandishi madogo ambayo yeye mwenyewe, nadhani, hajawahi kuyasoma:

"Mwenye pingamizi aliandike kwa lugha ya nchi na kumkabidhi afisa ndani ya siku kumi na nne. Hadi litakaposikilizwa, shughuli zitaendelea."

"Tena!" akasema Mama Chaki. Wakarudia, safari hii kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Sawa, sawa," afisa akasema, masikio yamemwiva. "Lakini nani atawaandikia?"

Lo! Bora angenyamaza.

"Mpeni mgeni kiti," akasema Mama Chaki, akagawa karatasi.

Wakaandika. Mmoja alitoa ulimi nje kama mtoto, mwingine alifuta akaandika upya. Zilipofika karatasi kumi na nane, afisa akazikusanya, akainuka aende zake. Bibi Miwani, mkubwa wa wote, ambaye mwaka juzi tu alikuwa akitia sahihi kwa dole gumba, akamshika mkono wa koti bila kuinua macho.

"Keti, mwanangu. Mimi sijamaliza."

Akaketi.