Adabu za Liège kwenye Sahani Tupu

Wenzangu tuliokulia Likasi miaka ile moshi wa kiwanda ulipoanza kukonda, nasi tukakonda pamoja nao, bila shaka mnayakumbuka maonyo ya mama zetu kabla ya kututuma kwa jirani. Mama yangu alitupangusa vumbi jekundu miguuni, kisha akanyoosha kidole: "Bakisema mukuye tukule, museme tunashiba. Bakirudia, museme tunashiba. Mara ya tatu mushike kidogo tu, na mukono ya kuume." Posho ya unga ilikuwa haiji tena, mshahara wa baba zetu ulikuwa umegeuka hadithi, na nyumba nyingi zilikula mara moja kwa siku. Hata hivyo, hukuweza kupita mbele ya mlango wowote wakati wa chakula usiitwe, na mtoto aliyelelewa vizuri hakuitika. Tulidanganya kwa heshima huku tumbo likinguruma. Leo, kila nikitafakari maadili ya zama zetu, naona kwamba uongo ule ulikuwa namna yetu ya kuilinda sufuria ya jirani.

Tulikuwa na furaha, msidhani vinginevyo. Shuleni tulikalia matofali kwa sababu madawati yalikuwa yamekwisha kupikia bukari, ugali wetu, nyumbani kwa watu ambao hatukuwataja, na kila asubuhi mwalimu alikagua kucha zetu kana kwamba tulikuwa tunakwenda kwa mfalme. Mchana tuliruka kamba iliyosukwa kwa nyaya za umeme ambazo hazikuwa na kazi nyingine. Jioni harufu ya sombe, majani ya muhogo, ilitembea uani kwa uani, na pua zilikula kabla ya midomo.

Kisha barua ikafika kutoka Liège, Ubelgiji. Mama mdogo, ndugu wa Mama aliyeolewa huko, alikuwa amempatia dada yangu Régine nafasi katika shule ya wauguzi, na tiketi alikuwa ameishughulikia yeye mwenyewe. Régine alikuwa na miaka kumi na minane, mimi tisa. Baba, fundi wa umeme katika kiwanda ambacho umeme wenyewe ulikuwa umekiacha, aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akasema: "Huyu mutoto ndiye dirisha yetu. Sitaki bamurudishe ju ya adabu mubaya." Wengine wangehofia viza, au baridi. Baba yangu alihofia uma na kisu.

Kwa hiyo akamwita Papa Anaclet, jirani yetu mzee, aliyekuwa amewahudumia mezani wageni wa Ulaya kwa miaka mingi katika nyumba ya wageni ya kampuni. Papa Anaclet hakuwahi kuvuka Lubumbashi, lakini aliizungumzia Liège kama mtu aliyesahau mwavuli wake huko. Alikuja kwetu siku tatu kwa juma akiwa amevaa koti lake jeupe la kazi, ambalo lilibaki na kifungo kimoja, akatangaza kwamba nyumba nzima itasoma, kwa sababu mtu hawezi kuwa na adabu peke yake.

Somo la kwanza lilikuwa la dukani. Huko, alisema, ukiingia dukani unasema bonjour kabla ya kugusa kitu chochote, na ukitoka unasema au revoir hata kama hukununua. Kwa kuwa hatukuwa na duka, banda la kuku likawa duka, na kuku wetu pekee akawa mwenye duka. Kila asubuhi Régine aliinama mlangoni pa banda na kusema, "Bonjour, Madame," akangoja kidogo, akachukua yai kama lilikuwepo, akashukuru, akaaga. Tukamfuata mimi, Mama, na mwisho Baba, ambaye alivua kofia. Kabla ya juma kwisha hapakuwa na mtu aliyeweza kumwita kuku yule kwa jina jingine.

Somo la barabara lilifanyika uani. Taa za barabarani za Likasi zilikuwa zimezimika, kwa hiyo Papa Anaclet alisimama juu ya ndoo, mkono mmoja ameshika beseni jekundu na mwingine jani la muhogo. Akiinua beseni, tulisimama. Akiinua jani, tulivuka ua. Siku moja alisahau kuinua jani, akasinzia palepale juu ya ndoo, nasi tukakaa upande wa choo tukisubiri ruhusa, Baba akiwa mbele yetu, mikono nyuma, mwananchi mwema wa Liège.

Kuhusu mabusu ya shavuni, mwalimu wetu hakuwa na hakika kama ni moja au matatu. Alituamuru tuanze tu na kumwachia mwenzetu jukumu la kukoma.

Somo lililotugombanisha na mtaa lilihusu ziara. Huko, alisema, hakuna anayefika nyumbani kwa mtu bila miadi ya mapema, yaani rendez-vous. Nikawekwa mlangoni. Alipokuja Mama Kapinga, jirani wa upande wa pili, nilimwuliza kama alikuwa na rendez-vous.

"Rendez-vous ya nini? Minye nakuya kulomba chumvi."

"Mama Kapinga, urudi kesho saa kumi."

Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Weye, minye nilikubeba mu mugongo ungali na kamasi. Kwani ile siku uliniomba rendez-vous?" Akanipita, akachukua chumvi, na wakati wa kutoka akamwambia kuku, "Au revoir, Madame." Hakusahau kitu.

Lakini somo kuu lilikuwa la meza. Mama alitandika kitambaa, akapanga sahani nne tupu, na Papa Anaclet akatuandalia kwa mikono yake mipana kuku wa kuokwa ambaye hakuwepo. Tulikata kwa kisu, tukachoma kwa uma, tukatafuna midomo ikiwa imefungwa. Mimi nilikaripiwa kwa kutafuna hewa kwa kelele. Baba alisifu mchuzi. Hapo ndipo mzee aliposhika kichwa chake kwa mikono miwili na kusema jambo lililomtisha Mama kuliko yote:

"Pale Bulaya banakuuliza mara moja tu. Ukisema non, merci, banaamini. Banaondosha sahani. Nani atakuuliza mara ya pili? Hakuna. Régine, mutoto wangu, ukifanya adabu ya hapa utakufa na njala kati ya batu bazuri."

Tukaanza mazoezi. Kila mara alipouliza, Régine alifungua kinywa na neno "nimeshiba" likatoka lenyewe, kwa sababu lilikuwa limekaa humo miaka kumi na minane. Sahani ikaondolewa. Akaulizwa tena. Ilichukua karibu mwezi mzima mpaka dada yangu akaweza kujibu bila kusita, kwa uso mkunjufu, mara ya kwanza tu ya kuulizwa: "Oui, merci, avec plaisir," ndiyo, asante, kwa furaha. Siku hiyo Papa Anaclet alifunga kile kifungo chake kimoja na kusema kazi yake imekwisha.

Ilibaki karatasi moja: cheti cha mwenendo mwema, kilichohitaji sahihi ya chef wa quartier, mkubwa wa mtaa wetu. Bila hicho hakuna safari. Ofisi yake ilikuwa haina tena viti, kwa hiyo alifanya kazi nyumbani. Régine alikwenda peke yake adhuhuri, nywele zimesukwa, viatu vya Mama miguuni. Akabisha. Familia ilikuwa mezani: chef, mkewe, watoto wanne, bukari ndogo, na samaki mmoja wa ziwa Tshangalele. Chef akafanya kile ambacho kila mtu wa Likasi angefanya. Akasema: "Karibu, mutoto. Kuya tukule."

Na Régine, akiwa ameshika bahasha ya karatasi zake za Ulaya na baada ya mwezi mzima wa mazoezi, akajibu kwa uso mkunjufu: "Oui, merci, avec plaisir."

Mama wa nyumba alisogea. Régine akakaa. Akala vizuri, midomo imefungwa, mpaka samaki akabaki miiba, kwani Papa Anaclet alifundisha kwamba kubakiza chakula kwenye sahani ni matusi. Alipoona nyuso za wale watoto wanne ndipo akaamka kama mtu aliyetoka ndotoni. Akakimbia bila karatasi.

Mama alilia kwa aibu. Baba alivua kofia. Cheti cha mwenendo mwema, alisema, na binti yake amekwenda kula samaki wa watoto wa mwenye kutoa cheti. Asubuhi akaenda bandani, akasema "Bonjour, Madame," akamtia kuku kwapani. Tukaandamana wote wanne hadi kwa chef kuomba radhi.

Chef alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi na mhuri.

"Mwaka muzima minye naita batu kukula," alisema. "Bote bananiambia banashiba. Minye najua hakuna hata moja anashiba, nabo banajua minye najua. Huyu peke yake ndiye hakunidanganya. Nitaandika nini ingine, kama si mwenendo mwema?"

"Alisema kweli na mikono yote mbili," mkewe akaongeza, akampokea kuku kutoka kwapani mwa Baba. Kwa Madame hakungoja kuulizwa hata mara moja.

Régine alisafiri. Miaka imepita, Baba na Papa Anaclet hawapo tena. Vijana wa leo wakisafiri huiuliza simu njia, simu ikawajibu, na wakifika mezani huisalimia simu hiyohiyo kabla ya mwenyeji. Siwalaumu. Hakuna aliyewasimamia juu ya ndoo.

Mwaka jana dada yangu alirudi kututembelea kwa mara ya kwanza. Mama, mzee sasa, alipika tangu asubuhi: bukari, sombe, na samaki mkubwa wa Tshangalele aliyetosha watu sita. Akatandika kitambaa, akamwuliza: "Régine, utakula?"

Dada yangu alitaka sana Mama aone kwamba Ulaya haikumharibu. Akainamisha kichwa kama binti aliyelelewa vizuri, akasema, "Nimeshiba, Mama."

Naye Mama alitaka sana bintiye aone kwamba masomo hayakupotea bure. Akasema, "D'accord," akaondoa sahani.

Nilikaa kati yao. Harufu ya samaki ilitoka jikoni, ikatembea sebuleni kama zamani. Mmoja alikuwa anangoja kuulizwa tena, mwingine anangoja kuombwa. Enzi zile tuliikalia meza hiyo tukiwa na adabu bila chakula. Safari hii chakula kilikuwepo.