Kofia moja, mchezo mmoja: nilivyoacha kucheza kirumbizi kila harusi

Wakuu, salaam. Nimewaona vijana wa karate na ndondi mnabishana humu: mtu ashindane mara ngapi kwa mwaka? Mmoja kasema kila mwezi, la sivyo fomu inashuka.

Nina la kusema, na ni kweli tupu. Chai mtaikuta kwenye nyuzi nyingine.

Mimi ni mzee wa Jang'ombe, Unguja. Haya ni ya miaka ya hamsini, nikiwa kijana sijaoa, kazi yangu kushona kofia kwa mkono.

Karate hatukuwa nayo. Tulikuwa na kirumbizi. Watu wawili wanaingia uwanjani na fimbo, ngoma na zumari zinalia, kila mmoja anatafuta kumgusa mwenzake mwilini. Ukiguswa, umetoka. Ni mchezo wa harusini, lakini msidanganyike, fimbo ni fimbo.

Na harusi Unguja haziishi. Mlandege leo, Bububu kesho, sikukosa hata moja. Nikisikia zumari tu miguu inawasha.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Bububu, Makame. Mrefu, mcheshi, mkono mwepesi. Aliponigusa mara ya kwanza nilisema bahati. Mara ya pili nikasingizia mchanga. Mara ya tatu alinipiga kidole gumba, ukucha ukang'oka, siku kumi sikuweza kushika sindano.

Hapo nikakosa pa kusingizia.

Halafu dada yangu Mwanaidi akaposwa na kijana mmoja, binamu wa Makame. Maana yake Makame atakuja uwanjani kwetu, na kaka wa bibi harusi lazima ashike fimbo. Nipigwe mara ya nne, mbele ya mtaa mzima, siku ya dada yangu! Aibu niliiona kabla haijafika.

Nikamwambia mama nitacheza kila harusi mpaka siku hiyo, nipate mazoezi. Mama ndiye aliyenifundisha kushona. Hakuinua macho kwenye kofia yake.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Ukitaka kupiga miguuni, kwanza unainua bega la kushoto. Nnakuona nikiwa kule tunakokaa wanawake. Mimi sijapata kushika fimbo na nshajua, sembuse Makame?"

Nikalishika bega langu la kushoto.

"Anza kofia mpya. Mpaka uimalize, usicheze. Harusini nenda, kaa, shona, tazama."

Kofia ya mkono, wakuu, ni kazi ya miezi. Nilitaniwa hadi basi. Wakaniita bibi harusi, nimekaa kando na sindano yangu. Makame mwenyewe akipita ananiuliza, "Fundi, yangu itakwisha lini?" Iliniuma sana, siwafichi.

Lakini nikaanza kuona. Makame alicheza kila harusi, kama mimi zamani. Akishapiga kichwani, fimbo yake inarudi juu na ubavu wa kulia unabaki wazi. Harusi ya tatu hivyo, ya nne hivyo hivyo. Asubuhi nikawa nafanya mazoezi peke yangu uani, bega la kushoto nimelifunga kwa kanga ya mama lisiinuke.

Kofia ikaisha Alhamisi. Ijumaa, siku ya harusi ya Mwanaidi, baada ya alasiri nikaivaa, nikaingia uwanjani.

Makame akacheka. "Weye upo? Nlidhani nshakustaafisha!"

Akapiga kichwani. Nikakinga. Fimbo yake ikarudi juu, nikamgusa ubavuni, taratibu, kama ninavyochoma sindano.

Kigelegele cha kwanza kilikuwa cha mama, nakijua. Jang'ombe nzima ikalipuka!

Akadai turudie. Nikamgusa miguuni, bega limetulia tuli. Wakuu, sijapata kufurahi vile, hata siku niliyooa (mke wangu hayumo humu).

Tangu hapo ratiba yangu ikawa kofia moja, mchezo mmoja. Mara tatu au nne kwa mwaka, basi. Walioniweza baada ya hapo ni wachache sana.

Wiki iliyofuata, harusini Mlandege, nimekaa na kitambaa kipya. Makame akaja, akaketi karibu yangu, akautazama uwanja.

"Shemeji," akasema, "nipe sindano na mimi."

Somo langu ni hilo. Kila unapocheza, kuna mtu amekaa kando anakusoma. Vidole vyangu kumi bado vizima, ndivyo vinavyoandika uzi huu. Nanyi mnaopanda ulingoni kila mwezi, niambieni hapa chini: anayewatazama mnamjua?