Barua Niliyompelekea Mwenyekiti

Kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mmoja hapa mjini Laurel, nawafundisha watu wazima maswali ya mtihani wa uraia wa Marekani. Swali moja silipendi: rais akifa, nani anashika nafasi yake?

Zamani nililisimulia kwa mbwembwe. Makamu wa kwanza kurithi kiti cha marehemu aliitwa kaimu na wabishi, naye, inasemekana, akawarudishia barua zao zilizoandikwa "Kaimu Rais" bila kuzifungua. Waliojiuzulu umakamu ni wawili tu, mmoja akaenda Seneti, mwingine akaondoka na aibu ya kukwepa kodi. Na makamu akijiuzulu, barua yake haiendi kwa rais, inakwenda kwa waziri wa mambo ya nje. Siku hizi nalipita haraka.

Nilikuwa makamu mwenyekiti wa chama chetu cha misiba, kinachosafirisha maiti zetu kwenda kuzikwa Tanzania. Mwenyekiti, rafiki yangu wa miaka mingi, alipougua saratani, niliingiwa na hofu. Kazi yenyewe naiweza. Nilichoogopa ni kwamba maiti ya kwanza nitakayoisafirisha itakuwa yake. Nikaandika barua ya kujiuzulu.

Katiba yetu inasema barua hiyo apewe katibu. Mimi, mwalimu wa katiba za watu, nikaona ni utovu wa adabu kumruka mkubwa wangu akiwa kitandani. Nikampelekea mwenyewe. Nilimkuta amelala, nikaiweka bahasha kando ya dawa zake, nikaondoka kwa kunyata. Sikurudi tena. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwangu hakikufika.

Wiki ya tatu katibu akapiga simu. "Mwenyekiti, mzee ametutoka. Watu wa cargo wanataka usaini."

Mwenyekiti! Katibu hakuwa na habari ya barua yoyote, na kwa katiba yetu, barua isiyomfikia katibu haijaandikwa. Nikaenda, nikasaini.

Jeneza liliposafiri, nilikwenda kumwona mjane. Akanitolea bahasha yangu. Ilikuwa imefunguliwa.

"Aliisoma?"

"Aliisoma, shemeji. Akasema nisimwambie mtu kwamba ume-resign. Akasema, huyu ana woga tu, atakuja. Kila jioni alitaka kile kiti kisogezwe karibu na kitanda, usije ukakosa pa kukaa."

Kitanda cha wagonjwa kilikuwa kimesharudishwa kilikoazimwa. Kiti kilikuwa bado palepale, katikati ya chumba kitupu, kimeelekea mahali kilipokuwa kichwa chake. Niliona haya kuliko siku yoyote maishani.

"Keti basi," akaniambia.

Nilishindwa. Hata darasani siku hizi nafundisha nimesimama, na kila nikiuliza nani anashika nafasi ya rais, wazee wangu wananijibu "Makamu!" kwa furaha, wote kwa pamoja, wakinitazama mimi.