Nishi Izole

Mutu akiniuliza nani aliniharibia kazi ya kule Muhumba, mutaa wa matajiri, sizunguki. Wa kwanza ni neno moja la Kifaransa. Nyuma yake anakuja mupishi, na nyuma ya mupishi Citoyen mwenyewe. Mbwa namusamehe. Katika ile nyumba yote, ni yeye tu alisema ukweli.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Kadutu, kwenye mutelemuko, miye, bibi yangu na batoto betu babili. Nyuma ya nyumba kulikuwa shimo la erozio. Kila musimu wa mvua lilikula kidogo: lilianza na choo, likameza migomba, sasa lilikuwa linaangalia jikoni. Mwenye kosa wa shimo namujua pia. Mukubwa wa avenue yetu aliamuru salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, tuchimbe mutaro wa kuondoa maji mbele ya mulango wake. Mutaro ulichimbwa vizuri sana, ukapeleka maji moja kwa moja nyuma ya nyumba yangu. Najua ulichimbwa vizuri kwa sababu nilikuwa kati ya wachimbaji, nikiimba kuliko wote, nikitoa jasho kwa ajili ya maendeleo ya inchi.

Sasa Citoyen, yaani mwananchi, jina la heshima la wakati ule. Alikuwa karani tu. Siku mali ya wazungu iligawiwa wananchi, aliamuka akiwa na magazini ya kuuza vitambaa na nyumba ya Muhumba inayotazama ziwa. Muzungu aliondoka na masanduku yake, akamuacha mbwa wake pale. Mbwa gani! Ndama. Manyoya kutoka kichwa mpaka mukia, manyoya ya inchi ya barafu, na sauti kama lori inapanda Kadutu na muzigo. Citoyen alimuogopa, hakuwahi kumugusa. Lakini mutu mukubwa anataka kitu kikubwa kifungwe kwenye mulango wake, basi alimuchunga.

Mvua ikaanza, mbwa akaanza kukohoa. Citoyen akasema ni baridi, akatafuta seremala. Miye nilijua kutengeneza tabure za kukalia na masanduku ya maiti. Nikavaa shati safi, nikaenda kujiita menuisier.

"Uko menuisier?"

"Niko menuisier, Citoyen."

"Unijengee nishi, nyumba ya huyu mbwa. Kubwa. Na iwe izole. Izole muzuri muzuri. Umesikia?"

"Nimesikia, Citoyen."

"Ikiwa muzuri, nakuweka sentinele, mulinzi wa mulango. Kile chumba cha nyuma kitakuwa cha weye na batoto yako."

Niligeuka kukiangalia kile chumba. Ukuta wa matofali, simenti chini, na nyuma yake hakuna shimo, ni maua tu. Pale pale nilianza kumuhamisha bibi yangu kwa mawazo, nikaweka kitanda, nikaweka sufuria.

Neno izole nilikuwa nalijua. Nani kwetu hakulijua? Hospitali ilikuwa na nyumba ya izole, kule mwisho kabisa, wanakoweka wagonjwa wa kifua kikuu. Ukienda kusalimia ndugu yako, unasimama mbali, unapiga kelele. Na mbwa alikuwa anakohoa! Yote yalikubaliana. Nikasema moyoni: huyu Citoyen, hata kama mali yake ni ya kuokota, ana akili. Anataka kumutenga mugonjwa na watu.

Kumupima mbwa, nilimupima kwa macho, nikiwa jikoni, nyuma ya dirisha. Mupishi, muzee aliyepikia wazungu tangu ujana wake, alikuwa anakatakata nyama huku ananicheka.

"Karibia, fundi. Anauma wenye haraka tu."

"Miye niko na haraka gani, papa?"

"Ya kukimbia."

Basi kila kipimo nilichodhani ni cha mbwa, nilikiongeza mukono mumoja wa woga. Nilichagua mahali chini kabisa ya bustani, kwenye mikaratusi, karibu miguu iingie ziwani. Nilitelemusha mbao, nikatelemusha bati. Mupishi aliniona nikipita na mizigo, siku baada ya siku, na neno izole alilijua, alilisikia kwa wenyewe. Aliniambia nini? "Kuraji, jikaze, injenieri." Hayo tu.

Nilipomaliza, Citoyen akatelemuka ndani ya abakosti, ile suti ya wakubwa, na viatu vya kung'aa, akateleza mara mbili, akafika na matope mpaka magoti.

"Hii ni nini?"

"Nishi izole, Citoyen. Hata akikohoa namna gani, hakuna mutu atamusikia."

Aliangalia ziwa, akaangalia nishi, mwisho akaniangalia miye.

"Izole ya baridi, weye kichwa ya mubuzi! Baridi isiingie! Mbao mara mbili, na katikati bintu bya kuchunga joto! Nani alikuambia upeleke mbwa yangu uhamishoni?"

Nyuma yake mupishi akasema pole pole, "Miye nilizani Citoyen anataka mbwa avue samaki sambaza."

Nilibomoa, nikapandisha kila kitu tena, nikajenga pembeni ya saluni, chumba cha kupokea bageni. Na hapa niseme ukweli: sijawahi kujenga kitu kizuri vile, hata leo. Ukuta wa mbao nje, ukuta wa mbao ndani, na katikati nilishindilia maranda na maganda ya kahawa kwa fimbo, mpaka ukuta ukipigwa unajibu kama tumbo lililoshiba. Sakafu niliinua juu ya mawe. Nyufa niliziba na vitambaa, mulango nikautundikia gunia. Ukiingiza mukono ndani, unasikia joto kama chini ya kuku anayeatamia.

Citoyen alifurahi, akaita bageni Jumapili waje kuona. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukamuvuta mbwa, miye na mupishi, kila mumoja akimupa mwenzake heshima ya kutangulia. Mbwa akaingia. Akazunguka ndani. Bageni wakapiga makofi, na miye nikaona chumba changu, nikaona bibi yangu anafagia simenti.

Kisha mbwa akatoka. Ulimi ulikuwa umefika chini. Akatembea mpaka katikati ya mvua, akalala ndani ya dimbwi, akashusha pumzi kama mukubwa aliyetoka kwenye mukutano.

Mugeni mumoja, ambaye bia ilikuwa imemutangulia kusema, akaita, "Citoyen! Mbwa yako inakataa mali ya kugawiwa!"

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa na mali ya kugawiwa. Citoyen hakuweza kumufukuza mugeni, mbwa alimuogopa. Nikabaki miye.

"Toa hii furu ya kuokea mukate kwangu! Chukua, uende nayo!"

Ndiyo ulikuwa mushahara. Chumba cha nyuma akapewa mukwe wa mupishi. Na kile kikohozi, nilikuja kusikia baadaye, hakikuwa cha baridi: nyama iliyonunuliwa kwa ajili ya mbwa, mupishi alikuwa anaikula jikoni, mbwa anatupiwa mifupa ya kuku, na mumoja ulimukwama kooni. Ile nyama niliona ikikatwa kwa macho yangu, nikaisifu harufu.

Nilipandisha nishi Kadutu na marafiki, mabegani, kama musiba. Batoto ba barabarani walitufuata, wanaimba. Bibi yangu alikuwa kwenye mulango.

"Ulienda kututafutia nyumba, unaleta ya mbwa. Mbwa mwenyewe iko wapi?"

"Alikataa."

"Mbwa ilikataa, njo unaletea miye?"

Hakutaka ikaribie nyumba. Akaonyesha kule ng'ambo ya njia, juu ya mwamba. "Weka kule. Iwe izole!" Tangu siku ile avenue yote iliniita Papa Izole, na baadhi wananiita hivyo mpaka leo.

Lakini bati la nyumba yetu lilikuwa linavuja, na batoto hawana kiburi. Mvua ikianza, wanakimbilia nishi. Baadaye mama yao akawa anaingia pia, eti anawachunga. Mutu mukubwa anaweza kukaa ndani na kunyosha miguu kidogo; wote wanaocheka woga wangu wakumbuke hilo.

Kulikuwa mvua moja ya mchana, ya kupofusha. Nilirudi kutoka soko nikawakuta wote ndani ya nishi. Nafasi ilibaki ya kichwa changu na kifua, miguu na matako nikaviachia mbingu. Nyuma yangu nikasikia sauti, si kubwa kama watu wanavyosimulia, ni kama mutu anamimina gunia la maharagi. Nikatoa kichwa. Jikoni haikuwepo, kitanda hakikuwepo, nyumba yote imefuata mutaro wa salongo.

Mukubwa wa avenue alikuja kutupa pole. Mulango wa mbwa ni mufupi, ilimubidi apige magoti kwenye matope.

"Poleni sana. Ni mapenzi ya Mungu."

Bibi yangu akamujibu kutoka ndani, "Mungu hakuchimba mutaro, papa. Ni weye, na huyu mujinga mwenye miguu inje."

Kisha akasogeza batoto, nikaingiza miguu.